Wati 60 za River Road: kisa cha mashine ya kwanza ya leza

Alinipigia Jumapili jioni, na kabla sijamaliza kuitikia salamu akauliza, "Kaka, wati arobaini zinatosha?"

"Zinatosha kukata nini?"

Kimya. Kisha akasema, "Si kukata tu. Kila kitu."

Huyu ni binamu yangu, binti wa shangazi. Ana kibanda kwenye jengo la eksibisheni River Road, Nairobi, futi sita kwa nane. Hupokea oda za toppa (mapambo ya kuchomeka juu ya keki), vibao vya majina ya ofisini, ngao za shule za siku ya zawadi, na siku hizi sanduku za mbao za kutilia zawadi za ruracio, sherehe ya mahari. Anachora kwa programu ya CorelDRAW, na mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Kukata hakati. Hubeba faili kwenye flashi, akavuka barabara hadi kwa wenye mashine ya leza, akapanga foleni, akalipa shilingi 30 kwa dakika.

Siku hiyo alikuwa ameonyeshwa mashine kwenye simu: ndogo, ya kuweka mezani, wati 40, shilingi 65,000, unaletewa hadi mlangoni. Chama chake cha kuchangiana pesa kilikuwa kinakaribia kumfikia zamu, na kwa akiba yake alikuwa na 250,000. Akajiambia: nanunua hii, zinazobaki nanunulia mali ya kazi.

Mimi hutengeneza mashine za aina hii. Nimefungua nyingi ambazo wenyewe walizinunua kwa swali lile lile la wati, kwa hiyo nilimwomba asitume hata shilingi kwanza, aniletee daftari lake la oda.

Daftari

Alilileta Jumanne, limechakaa pembe. Tulikaa nalo mezani, tukahesabu miezi mitatu nyuma. Oda 94. Kati ya hizo, 51 zilikuwa za perspeksi (plastiki ngumu inayofanana na kioo), 24 za MDF na plaiwudi, 12 za reksini, yaani ngozi bandia (vishikio vya funguo na vifuniko vya madaftari) na 7 za vibao vya chuma. Dakika alizolipia kwa jumla zilikuwa 2,460, yaani 820 kwa mwezi. Zidisha kwa 30, unapata shilingi 24,600 zinazovuka barabara kila mwezi.

Nilimwomba arudie zile 51 za perspeksi na kuandika rangi kando ya kila moja. Angavu, angavu, dhahabu ya kioo, nyeupe, angavu. Nyeusi zilikuwa nne.

Hapo ile mashine ya 65,000 ikaondoka mezani, na sababu haikuwa bei. Mashine ndogo za mezani nyingi hutumia leza ya dayodi, na mwanga wake ni wa buluu, wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 450. Mwanga huo hupita kwenye perspeksi angavu kama jua linavyopita dirishani: hauachi joto la maana, kwa hiyo haukati. Utaona kitone cha buluu kikimulika meza iliyo chini ya kipande, na kipande chenyewe kizima. Nyeusi itakatika, kwa sababu nyeusi inaunyonya. Plaiwudi nyembamba itakatika pia, japo mwanga ukikutana na kifundo au tone la gundi kati ya tabaka, hukwama hapo hapo.

Leza ya kaboni dioksidi ni habari nyingine. Iligunduliwa mwaka 1964 na Kumar Patel katika maabara za Bell, Marekani, na mwanga wake hauonekani kwa macho. Urefu wa wimbi lake ni nanomita 10,600. Kwa wimbi hilo perspeksi angavu ni kama ukuta, sawa na mbao, ngozi, kitambaa na hata glasi. Joto lote linabaki juu ya kitu, perspeksi inayeyuka na kuwa mvuke, na ukingo wake unatoka umeng'aa kana kwamba umepigwa polishi.

Kuna aina ya tatu, leza ya faiba, nanomita 1,064, ambayo huandika juu ya chuma vizuri mno. Rafiki yake alimwambia anunue hiyo kwa ajili ya vibao vya ngao. Oda saba kwa miezi mitatu! Faiba haimkatii perspeksi angavu wala haimfai kwa sanduku za mbao. Hilo tulilimaliza kabla chai haijapoa.

Na zile wati 40? Alinionyesha tangazo lenyewe. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, iliandikwa nguvu ya mwanga wati 5. Zile 40 zilikuwa umeme unaoingia kwenye mashine. Tangu hapo nimekuwa nikiwaambia watu wasome herufi ndogo kwanza, halafu warudi juu kwenye picha.

Waya wa shaba

Zilibaki zile oda 12 za reksini, ambazo ziliniumiza kichwa kuliko zote.

Reksini nyingi sokoni ni kitambaa kilichopakwa plastiki ya PVC. Mwale wa leza ukiigusa PVC, klorini iliyomo hutoka kama gesi ya haidrojeni kloridi. Gesi hiyo ikikutana na unyevu, wa hewani au wa mapafuni mwako, huwa asidi. Kwenye mashine huanza na reli: unaona kutu ya rangi ya chai, kisha beringi zinaanza kukwaruza, kisha vioo vinafifia. Kwa mtu huanza na koo. Ubao mweupe mwepesi wa watengeneza mabango, ule wanaouita foreksi, nao ni PVC. Duka alilokuwa akikatia walikuwa wanapitisha reksini kwenye leza bila kuuliza, na nilipomuuliza harufu yake ikoje, alinijibu mara moja: "Inawasha pua, kama ya bwawa la kuogelea."

Kumkataza tu ningekuwa nimempa amri ambayo ataisahau mteja akija na pesa mkononi. Kwa hiyo tulitoka uani na jiko la gesi la kambi. Nilichukua kipande cha waya wa shaba, nikakivua plastiki, nikakishika kwa koleo na kukichoma hadi kikawa chekundu na mwali ukabaki rangi yake ya kawaida. Kisha nikakigusisha reksini kikiwa bado moto, kikanyonya tone la plastiki, nikakirudisha kwenye mwali. Mwali ukageuka kijani, kijani cha kung'aa kama taa ya barabarani. Hiyo ndiyo klorini. Tukajaribu kipande cha perspeksi: manjano tu. Tukajaribu kipande kingine cha reksini, kutoka kwa muuzaji wa soko la Gikomba aliyedai kwamba chake "si plastiki". Kijani.

Alichukua ule waya akaenda nao.

Kwa hiyo kabla hajanunua chochote, tulijua kwamba oda 19 kati ya 94, yaani reksini na chuma, zingebaki kukatwa kwa wengine au kwa njia nyingine. Kwa dakika hazikuwa nyingi, kama 90 kwa mwezi. Lakini ni vizuri mtu ajue mapema kwamba mashine yake haitafanya kila kitu, asije akailazimisha baadaye.

Mlango, karatasi na moshi

Sasa tulikuwa tunatafuta leza ya kaboni dioksidi. Ukubwa gani?

Watu huangalia picha, wakapenda kubwa. Binamu yangu aliipenda yenye kitanda cha kukatia cha sentimita 90 kwa 60. Nilimwuliza ataiweka wapi. Kibanda cha River Road hakina dirisha hata moja, kinapumua kwa korido ya jengo zima, kwa hiyo pale haikuwezekana kabisa. Lakini alikuwa amepanga chumba cha nyuma kule mtaa wa Umoja, ghorofa ya chini, paa la mabati, dirisha moja linaloangalia uchochoro. Tulipima mlango: sentimita 78. Mashine ya 90 kwa 60 ina mwili wa karibu mita moja hata kwa upande wake mwembamba. Ingebidi kubomoa ukuta wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba yule simjui kuwa mtu wa kubomolewa ukuta.

Hesabu iliyoamua hasa ilikuwa ya karatasi ya perspeksi. Karatasi nzima huja futi nne kwa nane, yaani sentimita 122 kwa 244. Gawanya kwa vipande vya 60 kwa 40: viwili kwa upana, sita kwa urefu, vipande 12, na mabaki ni ukanda wa sentimita 2 na mwingine wa 4. Karibu hakuna kinachopotea. Ukichukua mashine ya 50 kwa 30, unapata vipande 16, lakini unabaki na ukanda wa sentimita 22 kwa urefu wote wa karatasi. Huo si wa kutupwa, utaukatia toppa, ila ni karibu sehemu moja kwa tano ya karatasi inayokaa kona ikingoja oda inayoifaa. Na zile mashine ndogo za kaboni dioksidi, za buluu na nyeupe, za wati 40, zenye kitanda cha 30 kwa 20, zingemlazimu kukatakata kila karatasi hadi kuchoka. Ngao zake za shule zina urefu wa sentimita 35. Kitanda cha 60 kwa 40 kikawa jibu.

Moshi ulitukalia siku mbili. MDF ni nyuzi laini za mbao zilizoshikwa kwa gundi, na gundi hiyo ikiungua hutoa formaldehaidi pamoja na masizi yanayonata kila mahali. Feni lazima ivute kutoka ndani ya mashine hadi nje ya nyumba, kwa bomba fupi lenye kona chache. Dirisha la uchochoroni lilikuwa mita mbili kutoka mahali pa mashine. Juu ya dirisha hilo, ghorofa ya kwanza, kulikuwa na kamba ya nguo. Nililiona, nikalitaja, halafu tukalisahau. Tutalirudia.

Mpya au ya mkono wa pili

Alikuwa amepata wakala wa kumletea mashine mpya kutoka China. Bei ya kiwandani ilikuwa tamu. Nilimwonyesha tu hesabu ya bandarini kwa mfano wa mashine iliyofika Mombasa ikiwa na thamani ya shilingi 300,000, nauli na bima ndani: ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5, hiyo ni 7,500. Tozo ya reli asilimia 2, hiyo ni 6,000. VAT asilimia 16, hiyo ni 48,000. Jumla 61,500, na hapo sijagusa ushuru wa forodha, malipo ya wakala, wala gari la kutoka bohari ya makontena ya Embakasi. Tyubu ya leza, yaani bomba la gesi linalozaa mwanga, ni glasi. Ikivunjika baharini, unaanza kuandikiana na mtu ambaye saa yako ya mchana ni jioni kwake. Kwa mwenye 250,000 na hana mashine nyingine ya kumshikilia, sikuona busara.

Ndipo tukasikia za mzee mmoja River Road aliyekuwa anafunga duka lake. Mashine ya 60 kwa 40, "wati 60", miaka mitatu, bei 230,000.

Nilimwambia binamu yangu abebe mfuko wenye vipande vya kazi yake: perspeksi angavu ya milimita 3, ile ya dhahabu, MDF, plaiwudi. Mimi nilibeba tepu ya kupimia na gamu ya karatasi ya wapaka rangi.

"Mzee, shikamoo. Tunaomba utufungulie kifuniko cha nyuma."

"Marahaba. Cha nyuma cha nini, kijana? Mashine ni sitini, imeandikwa hapo."

"Ndiyo, Mzee. Ni tyubu tu nataka kuisalimu."

Alicheka, akafungua. Tyubu za glasi hazifichi nguvu zao: zinaonekana kwa urefu. Ya wati 40 huwa na urefu wa karibu milimita 700, ya 60 ya kweli huzunguka milimita 1,200. Hii ilikuwa 1,000 kamili. Ni tyubu ya wati 50 iliyoitwa 60 kwa sababu ukiikamua hadi mwisho kwa dakika chache inafika huko, kisha inazeeka kabla ya siku zake. Sikumwita mzee mwongo. Hata yeye aliuziwa hivyo. Nilimsomea tu tepu, naye akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Haya basi."

Kisha vioo. Mwale wa leza hutoka kwenye tyubu, ukarushwa na vioo vitatu hadi kwenye lenzi. Ukibandika gamu ya karatasi kwenye tundu la kichwa cha kukatia na kubonyeza pigo moja dogo, unapata alama nyeusi kama ya njiti ya ubani. Unafanya hivyo kichwa kikiwa karibu, kisha unakipeleka kona ya mbali na kubonyeza tena juu ya karatasi ile ile. Mashine iliyopangwa vizuri hupiga pale pale. Hii ilipiga alama mbili zilizoachana kwa milimita 4. Maana yake, kazi ya kona ya kushoto inakatika na ya kona ya kulia inabaki imeshikamana. Ni tatizo la skrubu na subira, halihitaji spea, lakini ni jambo la kutajwa wakati wa bei.

Mwisho tukakata. Perspeksi angavu ya milimita 3, mwendo wa milimita 12 kwa sekunde, mita ikisoma miliampia 16. Kipande kikadondoka chenyewe kwenye sega, kitanda chenye matundu. Binamu yangu alikiokota, akakiinua kwenye taa, akapitisha kidole ukingoni. Ukingo ulikuwa angavu kama maji. Tyubu ilikuwa na uhai.

Kuna kitu kimoja ambacho kwangu kilikuwa na uzito kuliko tyubu. Kidhibiti cha ndani kilikuwa cha Ruida. Tyubu utabadilisha, lenzi utabadilisha, lakini kidhibiti ndicho kinachoamua utaongea na mashine kwa lugha gani. Cha Ruida kinajulikana na mafundi wengi mjini, programu yake ya RDWorks hailipiwi, LightBurn inaongea nacho pia kwa anayetaka kulipa, na kinatunza kazi kwenye kumbukumbu yake. Stima ikipotea katikati ya ngao, ikirudi unaweza kuendelea ulipoachia, mradi hujagusa kipande. Umoja huko, hilo si la kudharau.

Walipatana 185,000. Sitasema waliongea nini, kwa sababu mimi nilitumwa kununua chai.

Yaliyofuata

Kuihamisha kwa pikapu, 4,000. Mwili wake ulikuwa sentimita 104 kwa 72, ukapita mlangoni kwa kulazwa ubavu, baada ya kutoa tyubu na kuibeba mikononi kama mtoto mchanga. Vioo vipya na lenzi, 9,500. Feni na bomba la moshi, 11,000. Fundi wa stima, 4,500, na hizi ndizo nisingekubali azipunguze: soketi ya chumba kile ilikuwa na matundu matatu lakini ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini, haikuunganishwa popote. Tyubu ya leza huwashwa kwa volti zinazofika maelfu kumi na kitu na zaidi. Mwili wa chuma usio na ethi ni mtego. Alichimbiwa fimbo yake nje. Na kizimamoto cha kaboni dioksidi, 5,000, gesi ile ile iliyomo kwenye tyubu, safari hii kazini kwa upande mwingine. Perspeksi hushika moto upesi, na binamu yangu alishaanza kuniuliza kama anaweza kuiacha mashine ikikata huku yeye akienda kununua mandazi. Hapana. Hata mandazi ya kona.

Jumla 219,000. Alikuwa ndani ya bajeti, na mimi nilijiona fundi kwelikweli.

Kisha nikakosea. Mashine ilikuja na kipoza maji cha aina ya CW-3000. Jina linatisha lakini ndani yake hakuna kompresa. Ni radieta na feni, kama ya gari, na haiwezi kupoza maji chini ya joto la chumba. Tyubu inataka maji kati ya digrii 15 na 25. Nikamwambia, Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, huku si Mombasa, itatosha. Niliyasema haya mwezi wa Julai nikiwa nimevaa sweta. Februari, chini ya paa la mabati, saa nane mchana, alinipigia: kipima joto kinasoma 31 na perspeksi haikatiki. Tyubu ikipata joto hupungua nguvu, mtu anaongeza miliampia ili kufidia, na hivyo ndivyo tyubu inavyouawa. Kwa wiki mbili alikuwa akigandisha maji kwenye chupa za soda na kuzitumbukiza kwenye ndoo, na ilifanya kazi, ila kila baada ya saa moja alikuwa mbio hadi kwa jirani mwenye friza. Mwishowe alinunua kipoza chenye kompresa, cha mkono wa pili, 42,000. Jumla ikawa 261,000. Elfu kumi na moja juu ya alichonacho, na hizo nilimkopesha mimi, kwa sababu kosa la Julai lilikuwa langu.

Zile nguo nilizosema tutazirudia. Wiki ya tatu, mama wa ghorofa ya kwanza alishuka na shuka nyeupe mkononi, yenye vitone vya masizi. Hakupiga kelele. Aliitandaza tu juu ya mashine, akasema, "Mwanangu, hii nayo umeichonga?" Binamu yangu aliomba radhi, akanunua shuka, na bomba likapandishwa ukutani hadi juu ya paa kwa kona mbili zaidi. Kwa sababu ya kona hizo feni haikutosha tena, ikabidi kuongeza ya pili ndogo karibu na juu. Sikuitia kwenye hesabu hapo juu kwa kuwa feni hiyo nilikuwa nayo stoo.

Sasa pesa. Ukitoa zile dakika 90 za reksini na chuma, anaokoa dakika 730 kwa mwezi, shilingi 21,900. Stima inakula kama yuniti 30 kwa mwezi, hata ukihesabu muda wa kupanga na kujaribu. Maji safi ya betri na lenzi ni kidogo. Kwa hiyo mashine inajilipa kwa mwaka mmoja na zaidi kidogo. Mtu anayetaka faida ya haraka angemwambia aendelee tu kupanga foleni, na kwa karatasi asingekuwa mjinga. Dakika 820 ni chini ya saa 14 kwa mwezi.

Saa 14 hizo zilinifundisha jambo kuhusu tyubu ambalo sikuwa nimelifikiria. Wauzaji hushindana kwa saa za maisha: elfu mbili, elfu nane, elfu kumi. Kwa mtu wa saa 14 kwa mwezi, elfu mbili ni karibu miaka kumi na miwili. Tyubu yake haitakufa kwa kazi. Itakufa kwa umri, gesi ikitoroka polepole hata mashine ikiwa imezimwa. Kwa hiyo alipotaka kununua tyubu ya akiba na kuiweka chini ya kitanda, nilimzuia: ya akiba nayo inazeeka pale ilipolala. Pesa hiyo aiweke, na siku ikifika anunue iliyotengenezwa karibuni, akisoma tarehe kwenye karatasi yake.

Ambacho daftari halikuonyesha ni oda zilizopotea. Ijumaa moja kabla ya mashine, alifika kwenye foleni saa mbili asubuhi akatoka saa tisa, na bibi harusi wa Jumamosi alikuwa ameshapata toppa kwingine. Oda za namna hiyo hazikuandikwa, kwa sababu hakuna anayeandika asichokiuza. Daftari la miezi mitano iliyopita lina oda 203. Zikigawanywa ni kama 40 kwa mwezi, kutoka 31. Siwezi kusema zote ni za mashine, Desemba ilikuwemo humo. Lakini sasa anaahidi "kesho asubuhi", na anatimiza.

Vibao vya chuma bado anavuka navyo barabara. Reksini anaikata kwa kisu cha mashine ya stika, polepole, na ameongeza bei. Mteja mmoja aliyetaka vishikio 60 vya funguo alibisha kwamba reksini yake ni ngozi halisi. Binamu yangu aliwasha jiko, akachukua waya wa shaba kutoka kwenye msumari wa mlangoni, na yule bwana akasema haina haja, atarudi na ngozi.